Kamera ya Ndani

Picha za Nasri Abdulswamadu zilikataliwa kwa adabu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kama Rodgers, ofisa wa shirika lile lililoendesha semina za wakulima pale Dodoma, angesema ni mbaya, Nasri angekuwa na la kujibu. Angezitandaza mezani, amwonyeshe jinsi nyuso zilivyotoka, hata za wale waliokaa kivulini nyuma kabisa. Lakini Rodgers alizisifu. Alizishika moja moja kwa pembe, kama mtu anayejua kushika picha, kisha akazirudisha katika bahasha.

"Kazi safi, Mzee Nasri. Sikudanganyi. Ila makao makuu wanazitaka kwenye CD. Wao huzituma kwa wafadhili siku ile ile kwa baruapepe. Sasa hizi nitazitumaje?"

"Si mnaweza kuziskani?"

"Semina imefungwa Jumatatu, mzee. Leo Alhamisi."

Ilikuwa kweli. Semina ilipofungwa, mkanda ulikuwa haujaisha, na Nasri hakuwa mtu wa kupoteza nafasi za mkanda. Alisubiri waje watu wa pasipoti wazijaze, ndipo akaupeleka kusafishwa. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu alipofungua studio yake Majengo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kosa.

Mlango ukafunguliwa akaingia Amiri, mpiga picha wa kule kituo cha mabasi, kijana mwenye fulana iliyobana na kamera ya dijitali shingoni. Aliamkia, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, kisha akaweka CD mezani pasipo maelezo. Rodgers akafungua droo na kumlipa.

"Mzee wangu, bado upo na mikanda?" Amiri aliuliza, akiitazama ile bahasha. "Utunze hiyo kamera. Watoto wa shule watakuja kuiangalia kwa kiingilio."

Rodgers alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka. "Nitakurudishia gharama ya kusafisha, Mzee Nasri. Kazi yenyewe siwezi kuilipia, lakini usipate hasara."

Nasri angependa kukataa. Aliufikiria huo ukataaji, akauona unavyopendeza, kisha akanyoosha mkono akapokea.

*

Mkewe, Stara, alikuwa studio akikata picha za pasipoti kwa mkasi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata.

Studio ile ilikuwa ya wawili, ingawa kibao cha mlangoni kilikuwa na jina moja. Nasri alipiga picha za nje: mahafali, mikutano, ndoa zinapofungwa barazani. Stara alipiga za ndani. Katika harusi za Waislamu, hasa za familia za Kondoa, wanawake walipokusanyika ndani wakatupa mitandio na kucheza, hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuchungulia, achilia mbali kupiga picha. Stara aliingia na kamera yake ndogo. Mkanda ukishasafishwa, picha na negativu zake zote alizitia katika bahasha moja na kumkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Wengine walizifungia negativu sandukuni, wengine walizichoma jikoni. Hilo lilikuwa juu yao. Kwa Stara negativu haikulala. Kwa ajili hiyo aliitwa kutoka mbali, na studio zenye vioo vikubwa zikaachwa.

"Nimepita dukani kwa William," Nasri alisema. "Anazo mbili. Ya kwanza ni ya kampuni yetu hii hii, lenzi zangu zote zitaingia. Lakini ni mwili mtupu, na anataka milioni moja na laki mbili. Ya pili ni ya kampuni nyingine, imetumika Dubai. Ina lenzi yake, flashi yake, na mashine ndogo ya kutoa picha mteja akiwa amekaa. Laki tisa, vyote."

"Na lenzi zako?"

"Kwenye hiyo haziingii. Mdomo wake ni mwingine."

"Kwa hiyo ya ghali inaokoa lenzi, na ya rahisi inaokoa pesa."

"Sasa Mama Shamimu, nitupe lenzi zile? Ile ndefu unajua niliuza shamba la zabibu ndiyo nikaipata."

"Sikukuuliza uliuza nini. Nakuuliza, mwaka huu imeingiza nini?"

Lenzi ndefu ilitoka kabatini mara ya mwisho siku ya maonyesho ya wakulima, na hata siku hiyo aliivaa zaidi kuliko alivyoitumia.

"Mtu akihama kuni akanunua jiko la umeme, hanunui jiko kwa kufuata masufuria," Stara aliendelea. "Anatazama atapika nini. Sisi tunapika pasipoti, na semina, na harusi. Uza kinacholala. Lakini ile ndogo yangu usiipeleke. Mwezi ukiandama tuna harusi kwa Bi Shamila, Kondoa."

"Siipeleki."

Alisema kweli, kwa maana hakuwa na nia ya kuipeleka. Lakini kamera zote za nyumba ile zililala katika mkoba mmoja wa ngozi, na asubuhi ya pili yake Nasri aliuchukua mkoba kama ulivyo.

*

Duka la William lilikuwa Uhindini, kati ya duka la vitambaa na ofisi ya kupiga simu za nje. Humo mlikuwa na redio, pasi, vikaushio vya nywele, simu za mkononi, na kabati la kioo lililojaa kamera zenye vumbi la nchi nyingine. William hakuwa mwizi. Alikuwa mfanyabiashara wa zama zile, aliyejua kwamba anayeuza kwa haja huuza kwa bei ya mnunuzi.

Nasri aliomba kwanza ile ya ghali, akafunga lenzi yake pana, ambayo kwayo alikuwa akiingiza ukoo mzima ndani ya chumba kimoja. Akatazama. Akarudi nyuma hatua, akatazama tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mbona imebana? Mlango wako hauingii wote."

"Ndivyo zilivyo, mzee. Kile kioo cha ndani kinachopokea picha ni kidogo kuliko mkanda. Kwa hiyo pembeni panakatwa."

"Yaani lenzi pana si pana tena?"

"Inakuwa ya kawaida. Ukitaka pana, ununue nyingine."

Nasri aliifungua lenzi taratibu akaifunika kifuniko chake. Ile fedha ya ziada, basi, ilikuwa ya kuokoa lenzi ambayo isingeokoka. Shauri likaisha lenyewe. Akaomba ile ya Dubai. Aliipiga picha redio ya dukani, na William akaitoa kwenye kile kimashine. Karatasi iliingia na kutoka, kwanza ya njano, kisha nyekundu ikapanda juu yake, kisha buluu, na redio ikawa redio. Nasri alitabasamu bila kutaka.

Hesabu ndiyo iliyobaki. Alikuwa na laki sita. William alizigeuza lenzi na ile kamera kubwa ya mkanda, akapuliza vumbi ambalo halikuwapo.

"Laki mbili na nusu."

"Kwa vyote? William! Kamera peke yake nilinunua..."

"Najua, mzee. Na taipureta ya baba yangu ilinunuliwa kwa ng'ombe. Leo nani anaitaka? Hapa mimi nakusaidia kubeba." Kisha macho yake yakaingia mkobani. "Na hiyo ndogo?"

"Hiyo ya mke wangu."

"Anapigia nini?"

"Harusi. Za ndani."

"Na hii mpya hataitumia? Nyumba moja kamera mbili za nini? Hii inajipimia mwanga yenyewe, hata bibi kizee anapiga. Weka hiyo juu, tumalize, nikufungie na kadi kubwa, inachukua picha mpaka uchoke."

Pale ndipo Nasri alipoisikia tena sauti ya Amiri ikizungumza habari ya kiingilio. Akajiambia kwamba Stara ni mwelewa. Akajiambia kwamba nyumba ni moja na tumbo ni moja. Mtu akitaka kufanya jambo, sababu humjia zenyewe, tena zimevaa vizuri. Aliiweka kamera ndogo juu ya kioo.

"Ngoja," alisema ghafla, "ina mkanda." Akaurudisha mkanda mpaka ukaisha, akautoa, akautia mfukoni. Picha za ndani za watu hakuweza kumwachia William. Katika hilo alikuwa mwaminifu.

*

Stara hakuambiwa. Aliona mkanda mezani, peke yake, kando ya boksi jipya.

"Kamera yangu iko wapi?"

"Mama Shamimu, ilibakia kidogo tu. Sasa ningerudi mikono mitupu? Na hii mpya ni yetu sote. Utaitumia."

"Nilikwambia usiipeleke."

"Ulisema. Lakini ilinibidi."

"Ilikubidi wewe," Stara alisema, "ukalipa kwa changu."

Aliuchukua ule mkanda akaufunga katika kitambaa, akaenda kusonga ugali. Nasri alizoea ugomvi wa maneno, ambao mtu hushinda au hushindwa, halafu mkalala. Huu haukumpa mahali pa kushika.

Kwa wiki zile, lakini, kila kitu kilimpa haki. Bunge lilikuwa likikutana, mji ulijaa, na vijana wa kuomba vyuo walipanga foleni. Mtu alikaa kwenye kigoda, akapigwa, na Nasri akamgeuzia kamera. "Tazama mwenyewe. Ukijipenda ndipo nitoe." Watu walipenda kuulizwa hivyo. Walifumba midomo, wakarekebisha kola, wakapigwa tena. Rodgers alimpa semina ya siku mbili na CD ikafika kabla chai haijanywewa. Stara alijifunza kamera upesi kuliko yeye, akawa ndiye anayebadilisha utepe wa rangi wa ile mashine na kuutupa ule uliotumika. Hakukasirika, wala hakucheka.

*

Nyumba ya Bi Shamila ilikuwa nyuma ya msikiti, Kondoa mjini, na uani palifungwa turubai la wanaume. Bi Shamila alikuwa mjane aliyeozesha binti wawili tayari, na wote wawili Stara ndiye aliyewapiga picha. Huyu, Mwajabu, alikuwa wa mwisho.

Shida ilianza mapema. Wakati shehe anakaa ili nikahi ifungwe nje, ndani bibi harusi alikuwa akivishwa, na kamera ilikuwa moja. Nasri alipiga barazani, kisha akapita upande wa jikoni, akaipitisha kamera chini ya pazia. Stara akapiga ndani. Mara mtoto akaja: "Mzee mpiga picha anasema shehe anaondoka, anataka kamera." Ikatoka. Ikarudi. Ikatoka.

"Stara, mwanangu," Bi Shamila alisema alipoiona ikienda kwa mara nyingine, "siku hizi mnaazimana kamera kama kinu?"

Wanawake wakacheka. Stara naye akacheka kwa mdomo.

Hata hivyo ndani walifurahi. Walipogundua kwamba picha inaonekana pale pale, walimzunguka. "Nifute hapa, nimefumba macho!" "Mwone wifi, amepanua mdomo kama anamwita mbuzi!" Halima, mke wa Athuman kaka yake Bi Shamila, mama wa watu wazima, alitupa mtandio na kucheza katikati, na Stara akampiga mikono ikiwa juu, nywele zake za mvi zimesukwa vizuri, uso wake umekuwa wa msichana. Ilikuwa picha bora ya siku ile. Mara hiyo hiyo mtoto akaja tena. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamesimama kwa ajili ya picha ya pamoja.

"Mwambie apige tu," Stara alimwambia mtoto, "apige na airudishe." Mtoto akasema ndiyo, akaipeleka, na maneno akayasahau mlangoni.

Nasri aliwapanga wazee, akapiga. Athuman mwenyewe, mzee mwenye kanzu ya hariri na heshima ya mji mzima, alikuwa amemwona tangu asubuhi akiwaonyesha watu picha zao.

"Imetoka?"

Kwa mazoea ya studio, na kwa majivuno kidogo, Nasri alibonyeza kitufe akampa kamera. "Tazama mwenyewe, mzee."

Athuman aliitazama, akaridhika, akawaonyesha waliosimama nyuma ya bega lake. Kisha kidole gumba chake, ambacho kilikwisha kuona vidole vya wengine vikifanya hivyo, kikabonyeza kimshale cha kushoto.

Akatokea Halima.

Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume wawili walioinama nyuma ya Athuman waliinuka wakatazama turubai. Athuman hakujua jinsi ya kuzima, kwa hiyo alifunika kioo kwa kiganja. Hivyo, kiganja juu ya kioo, kama mtu aliyeshika jeraha lisivuje, alikatiza ua mzima wenye wageni mpaka kwenye mlango wa wanawake.

"Dada Shamila! Hebu toka. Na huyo mpiga picha wako."

*

Walikutana katika ghala la mahindi, Bi Shamila na Stara ndani, Nasri na Athuman nje ya pazia.

"Negativu za dada zake zimo sandukuni mwangu," Bi Shamila alisema. Hakuwa amepandisha sauti. "Za huyu ziko wapi?"

"Hii haina negativu, mama."

"Haina? Sasa picha inakaa wapi?"

Stara alifungua kijimlango cha pembeni, akatoa kadi, nyembamba kama biskuti. "Humu."

"Zote?"

"Zote. Za ndani na za nje, pamoja."

"Umewachanganya wake za watu na wazee wa msikiti katika kitu hicho kimoja?"

"Ndiyo, mama."

"Zifutwe!" Athuman alisema nje. "Zifutwe sasa hivi na habari iishe."

"Zinafutika, Mzee Athuman, zinafutika kabisa," Nasri alidakia, sauti yake ikiwa na furaha ya mtu aliyeona mlango. "Ni kitufe kimoja."

Stara alikitazama kile kitufe. Kingemaliza yote. Lakini William mwenyewe, siku alipompelekea betri, alijisifu mbele yake kwamba picha zilizofutwa anaweza kuzirudisha kwa kompyuta, kwa malipo.

"Naweza kuzifuta," alisema, "lakini sitakudanganya, Bi Shamila. Wapo watu wanaojua kuzirudisha. Na nikizifuta, Mwajabu hana harusi. Hana nikahi, hana shehe, hana wewe."

Pazia likatikisika. "Mama Shamimu," Nasri aliita kwa sauti ya chini, "hebu njoo kidogo hapa."

"Sema hapo hapo."

"Basi... hakuna."

Stara alimshika Bi Shamila mkono akamwekea kadi kiganjani, akamfumba vidole. "Kaa nayo. Jumatatu njoo Dodoma ukiwa nayo. Nitakutolea picha mimi, wewe ukiwa umekaa, na mwanamume hatakuwamo. Tukimaliza utaondoka nayo. Ni yako, haitarudi studio."

"Kadi ile..." Nasri alianza.

"Bei yake naijua," Stara alisema.

Bei yake ilikuwa karibu sawa na malipo ya harusi yenyewe. Bi Shamila aliifunga katika pindo la khanga yake, akakaza fundo kwa meno. Nje, Athuman alikohoa, akamwambia Nasri kwa upole wa kutisha, "Chakula bado kipo, bwana mpiga picha. Ule ndipo uende." Nasri alikula pilau mbele ya watu waliokuwa wakitazama sahani zao.

*

Katika basi la kurudi vumbi liliingia kwa kila tundu. Mkoba ulikuwa magotini mwa Nasri, na ndani yake kamera isiyo na kadi, nzito kama zamani na isiyofaa kitu.

"Aliyebonyeza ni Athuman," alisema walipokuwa wakikaribia Haneti.

"Kidole kilikuwa chake. Mkono uliompa ulikuwa wa nani?"

"Wewe nawe hukuniambia kwamba..."

"Baba Shamimu. Kama ningekuwa na kamera yangu, ningekuwa na cha kukwambia?"

Abiria wa kiti cha mbele aligeuka kuwatazama, akageuka tena kuangalia barabara. Nasri alipangusa vumbi juu ya mkoba mpaka Mayamaya, nalo likarudi.

*

Jumatatu Bi Shamila alishuka basi la mchana, akaamkiwa, akanywa maji, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kisha akamtazama Nasri, na hakuondoa macho mpaka Nasri akaelewa.

Alitoka nje ya studio yake mwenyewe, pazia likavutwa nyuma yake, akakaa kwenye benchi chini ya kibao chenye jina lake. Watu wa pasipoti walikuja akawarudisha. Aliwaelekeza kituo cha mabasi, kwa Amiri. Siku tatu hizo, kwa kukosa kadi, alikuwa amewaelekeza huko wengi.

"Wamekufungia nje, bwana?" aliuliza Emilia, mama muuza vitumbua wa jirani.

"Nimetoka mwenyewe."

"Haya. Ukitaka kurudi ndani, nitakubishia hodi."

Ndani, mashine ilimeza karatasi na kuitema. Bi Shamila alishika magoti yake, akamwona binti yake akija, wa njano, kisha wa njano na nyekundu, kisha amekamilika, mwenye hina na dhahabu. Alilia kidogo, akajifuta. Walipofika kwa Halima alicheka. "Mwone! Athuman ana bahati na hajui." Akaitia chini kabisa ya bahasha.

Walipomaliza, alifunga kadi pindoni. "Sasa hakuna kilichobaki humu?"

Stara alikuwa tayari anataka kusema hakuna. Mkono wake ulikuwa umeshika ule utepe uliotumika, ukielekea kwenye ndoo ya taka kama siku zote. Akasita. Aliuvuta, akauinua kuelekea dirishani. Kwenye utepe, mahali ambapo rangi ilikuwa imeondoka kwenda kwenye karatasi, palikuwa na uso wa Mwajabu, weupe wake mweusi na weusi wake mweupe. Mbele yake Halima, mikono juu. Wote walikuwamo, mmoja baada ya mwingine.

Bi Shamila akasogea dirishani.

"Kumbe negativu inayo," Bi Shamila alisema.

"Inayo, mama. Nami nilikuwa naitupa jalalani." Aliwafikiria watu wote wa pasipoti, wabunge na wanafunzi, wanavyopepea kule jalalani. Akautoa utepe wote mashinani, na ule uliokuwa haujatumika, kwa kuwa haukuweza kukatwa bila kuharibika, akauweka katika bahasha pamoja na picha. Nao ulikuwa na bei yake.

Bi Shamila aliifunga bahasha. Kisha akatoa malipo ya harusi, kamili, na juu yake akaweka noti nyingine, kando.

"Hizi za nini, Bi Shamila?"

"Athuman anaozesha binti baada ya Idi. Ameapa kamera ya Nasri haitavuka kizingiti chake. Nikamwambia, hata mimi siitaki ya Nasri. Nataka ya Stara." Akainua nyusi. "Unayo?"

"Sina, mama."

"Basi hiyo ni arubuni. Uwe nayo."

*

"Tununue kadi kwanza," Nasri alisema kesho yake, wakiwa njiani kwenda Uhindini. "Pasipoti ndiyo chakula cha kila siku. Kadi na utepe. Harusi ya Athuman iko mbali."

"Malipo ya harusi yatanunua kadi yako na utepe. Arubuni ni yangu."

"Haitatosha kamera ya maana."

"Tutaona."

William aliwapokea kwa mikono miwili. Kamera ndogo ya Stara bado ilikuwa kabatini, haina mnunuzi, na aliitaja bei ya chini mno hata Nasri akaumia kuona aliitoa kwa ajili ya kidogo kama hicho. Stara aliishika. Kiganja kiliijua. Aliigeuza, akafungua mgongo wake, akaufunga.

"Mikanda bado unaleta?"

"Niliyonayo ndiyo hiyo, mama. Sitaagiza tena."

Akairudisha juu ya kioo. Iligusa kioo polepole. Akaonyesha kamera nyingine, kijidijitali cha fedha kilichochubuka, ambacho Nasri hata hakuwa amekitazama.

"Hicho ni cha kuchezea, mama. Ni cha zamani. Kinatumia vikadi vidogo, kila kimoja picha ishirini hivi na kimejaa. Watu hawavitaki." William akavuta droo. Vikadi vilikuwa vimerundikana humo kama punje, vilivyokuja bure ndani ya maboksi ya kamera nyingine. "Hivi vyenyewe nilikuwa nataka kuvitupa. Chukua hii ya megapikseli tano, nitakupunguzia."

"Kimoja bei gani?"

"Kikadi? Kama soda."

Stara aliinamia droo, akaanza kuvitoa. Vitatu akaviweka pembeni, kisha vingine vitatu, kila fungu mbali na jingine, kama mama anayegawa nyama kwa sahani. Harusi moja, vitatu. Bibi harusi aondoke navyo. Nasri alitazama mafungu yale yakiongezeka, na hesabu aliyoshindwa kuifanya tangu Kondoa ikajifanya mbele ya macho yake. Alifungua mdomo kusema kwamba lenzi ya kitu kile ni dhaifu, na flashi yake haitafika ukutani.

William alimgeukia, akitafuta msaada wa mwanamume mwenzake. "Mzee Nasri, wewe ndiye mtaalamu. Unasemaje? Tumfungie ipi?"

Nasri aliufunga mdomo. Alisogea hatua moja nyuma, mkewe akabaki peke yake mbele ya kioo.

"Mwulize mwenyewe," alisema. "Mimi nimemsindikiza tu."